Nesi na Ua wa Mukawa

Sikumpenda Nesi. Naliweka hili wazi mapema ili msomaji asidhani ninaandika zile sifa zinazosomwa makaburini, ambapo kila aliyekufa alikuwa mpole na mkarimu. Nilimheshimu, ndiyo, na kuna siku nilimwogopa. Lakini kwa sehemu kubwa ya miaka kumi na saba tuliyokaa jirani mjini Nyeri nilimwonea wivu, na wivu wenyewe ulikuwa juu ya kichaka cha miiba.

Mimi nilikuwa mtunza bustani, na si wa kubahatisha. Nilifunzwa kazi nikiwa kijana katika hoteli moja ya watalii upande wa Nyandarua. Uhuru ulipokuja, mzungu aliyekuwa akitusimamia akafunga virago, na funguo za stoo ya majembe nikakabidhiwa mimi. Nilijua waridi kwa aina zake kama mfugaji anavyojua mbuzi wake. Nilijua kukata ua wa kayaba mpaka ukadhani umepigwa rula. Nyumbani kwangu nyasi zililala kama zulia, waridi zilisimama pande zote mbili za njia, na dalia zangu zilikuwa kubwa kama sahani. Waliokuwa wakipanda kwenda sokoni walipunguza mwendo wakifika langoni. Nilikuwa nakaa ndani, nyuma ya pazia, nikiwasikiliza: "Hebu ona kwa huyu mtu!"

Kisha Nesi akahamia nyumba ya pili, na baada ya miaka minne hivi watu wale wale wakawa wanapita kwangu bila kusimama.

Alikuwa na jina, jina refu la Kiislamu, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Mtaa mzima ulimwita Nesi, hata baada ya kustaafu. Imamu alimwita Nesi, na mhubiri wetu wa kanisani alimwita Nesi. Alikotoka sikumuuliza, naye hakusema. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua za haraka hata akiwa haendi popote, na mikono yake ilinuka spiriti hata siku za Idi. Kazi yake ilikuwa kwenye kliniki ya gari iliyozunguka Kieni, ule upande mkavu wa mlima, kupima watoto uzito na kuwachanja. Wanawake wa huko walimwogopa kuliko chifu. Mama aliyechelewa chanjo aligombezwa mbele za watu mpaka akatokwa na jasho, halafu Nesi huyo huyo angembebea mtoto mpaka barabarani.

Siku moja, mwaka wake wa kwanza, alishuka kwenye gari lile la kliniki na gunia begani. Nilidhani ni viazi. Akalifungua uani na kutoa vijiti vya miiba vilivyofungwa kwa gazeti lililolowa maji.

"Nesi, hiyo ni nini?" nilimuuliza.

"Mukawa, Baba Njeri."

"Mukawa najua. Si ni hiyo mbuzi inakula huko Kieni? Sasa unaleta ya nini hapa mjini?"

"Nataka majirani."

"Kwani sisi si tuko?"

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto kabla ya kumdunga sindano. "Mpo," akasema. "Lakini mnaongea sana."

Akaipanda mikawa yake mstari mmoja, kuanzia langoni kwake mpaka nyuma ya jiko, na mstari wenyewe ulikuwa umepinda. Nilijitolea kumnyooshea kwa kamba. Akakataa. Miaka miwili ya mwanzo aliimwagia maji aliyooshea vyombo, na baada ya hapo, kwa kweli, hakufanya kitu kingine. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilikuwa naamka na makasi mkononi. Nilipiga dawa kila Jumamosi, niliokota jani moja moja lililoanguka. Yeye alitoka asubuhi na kikombe cha chai, akasimama, akanywa, akaenda kazini. Mikawa ikapanda kila upande, ikashikana, ikawa ukuta mzito wa kijani uliokuwa uking'aa kama umepakwa mafuta. Mvua za kwanza zikinyesha, ilichanua viua vyeupe vidogo vyenye wekundu kwa nje. Harufu yake ilivuka ua ikaja kwangu na kufunika ya waridi zangu zote. Mke wangu akawa anafungua dirisha la upande ule, na la upande wangu analiacha limefungwa.

Baada ya maua yakaja matunda, kwanza mekundu, halafu meusi ya zambarau, na baada ya matunda wakaja ndege. Wale wenye mikia mirefu wanaotembea matawini kama panya walikuja kwa makundi. Chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, walikuja pia, wakining'inia kama hirizi za kijani. Shore, yule mweusi wa kichwa mwenye kelele, alijenga humo kila mwaka, ndani kabisa, ambapo paka hathubutu kutia mkono. Walikuja nyuki, vipepeo, na kinyonga mmoja ambaye alinifanya nisikaribie ua ule kwa wiki nzima. Kwangu kulikuwa kimya. Nilikuwa sijawahi kuusikia ukimya ule mpaka kelele zilipoanza kwa jirani.

Usidhani Nesi alikuwa mpenda ndege. Hakujua jina la hata mmoja. Mgeni akiuliza, yeye alijibu, "Huyo ni yule wa kofia nyeusi," au, "Huyo ni mgomvi." Mke wangu alipomwambia kwamba lazima anawapenda sana, alisema, "Siwapendi. Nimezoea tu kukaa na mtu asiyenitaka kitu." Na nyumbani kwake alifuga paka mnene, akamfungia ndani miezi yote ya mayai, ndege wakiatamia, akimwomba radhi kila asubuhi mlangoni kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa binadamu. Kwa sukari alikuwa bahili. Chai yake ilikuwa chungu, na ukiomba kijiko cha pili alikuhutubia juu ya meno. Lakini matunda ya mukawa hakuyachuma hata kikapu kimoja auze, ingawa watoto wa shule wangeyanunua yote.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kibanda cha supu karibu na stendi. Huku kwetu mzizi wa mukawa huchemshwa na mifupa, na supu isiyo nao wazee huiita maji ya moto. Yule bwana akaja na jembe lake begani, akaomba achimbe kidogo tu, pembeni.

"Rudi mti ukifa," Nesi alimwambia.

Na bwana akarudi. Kila mwaka alikuja kuuliza kama mti umekufa, na kila mwaka Nesi alimpa bakuli la matunda, akamkalisha kwenye kreti na kumpima presha bila kumwomba ruhusa. Nadhani mwishowe alikuwa anakuja kwa ajili ya presha.

Nami nilikuwa na ulimi. Tulizoea kumsemesha Nesi kwa Kiswahili, kwa hiyo nikajiaminisha kwamba Kikuyu hajui. Siku moja alikuwa akianika nguo hatua tatu kutoka kwangu, nami nikamwambia fundi wa bomba, kwa Kikuyu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwanamke huyu anafuga nyoka kichakani kwa sababu hana mtu mwingine wa kumfuga. Tukacheka. Nesi akaendelea kubana nguo zake. Miaka mitatu ikapita. Mama mkwe akaja kwetu mgonjwa, na Nesi akaingia kumwona, akaketi kitandani pake na kuongea naye Kikuyu cha ndani, cha methali na utani wa wazee, kwa karibu nusu saa. Alipotoka alisimama mbele yangu na kuniambia kwa lugha hiyo hiyo, polepole ili nisikose neno:

"Nyoka bado sijampata, Baba Njeri. Nikimpata nitakuita."

Sasa nifike kwa mke wangu, kwa sababu huko ndiko wivu ulikokuwa na mizizi.

Mtoto wetu wa tatu alikufa akiwa na miezi minne. Kifua kilimbana siku tatu tu. Baada ya mazishi mke wangu alinyamaza. Alipika, alifua, alijibu akiulizwa. Sikumwona akitoa hata chozi, nikadhani ni nguvu. Mimi sikujua kusema, nilijua kupanda, kwa hiyo nikamtengenezea sehemu yake: waridi nyeupe tupu, duara safi, na benchi nililolipiga randa mwenyewe. Aliketi hapo mara moja, akasema, "Ni pazuri." Hakurudi tena.

Alikwenda kwa Nesi. Kila alasiri alivuka na ufumaji wake na kukaa kwenye kreti lile la presha, mgongo kwangu, uso kwenye mikawa. Nilipochungulia niliona migongo miwili na sikusikia maneno. Baada ya saa nzima alirudi uso uking'aa kama aliyetoka kuoga, akaanza kuuliza watoto wamekula nini. Siku moja akaniambia, akitabasamu, "Shore ameanza kujenga tena, lile tawi la chini." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi kuniambia jambo ambalo sikumuuliza. Nami nikafikiri: mimi nimempa waridi thelathini, huyu amempa miiba, na tabasamu limekwenda kwa miiba.

Mwaka uliofuata kamati ya mtaa iliandaa mashindano ya bustani na kumleta afisa wa kilimo kuwa mwamuzi. Kombe nilipata mimi. Nesi hakuwa hata amejiandikisha. Lakini afisa alipomaliza kunipa mkono aligeuka, akaona kile kichaka kilivyokuwa kinatikisika kwa ndege, akaenda kuegemea lango la Nesi. Alikaa huko hadi chai ikapoa mezani kwangu. Nilisimama kwenye nyasi zangu na kombe mkononi, nikiutazama mgongo wake. Mgongo mwingine tena.

Haikupita miezi miwili, mwanzoni mwa mvua za Aprili, Nesi akapata habari kwamba dada yake wa Wang'uru amefariki. Alikuja kwangu amevaa buibui, begi mkononi.

"Baba Njeri, nitakaa huko wiki mbili. Niangalizie ua. Wewe ndiye fundi."

"Usijali," nikasema. "Nitaangalia."

Aliniambia niangalie. Najua tofauti ya kuangalia na kukata. Nimekuwa nikiijua maisha yangu yote. Siku ya soko la Karatina mke wangu alitoka mapema. Nikatoa kamba, vigingi na makasi makubwa ya hoteli, nikavuta mstari toka lango mpaka jiko, ulionyooka safari hii, nikaanza. Nilikata juu mpaka kiunoni. Nilikata pande zote mbili. Utomvu mweupe ulitiririka mpaka viganja vikanata. Katikati ya kazi nilifunua tawi la chini nikaona kiota, kikombe kidogo cha nyasi, na ndani makinda matatu yasiyo na manyoya, midomo wazi, yakidhani mimi ni mama yao.

Nilisimama. Nataka kusema kwamba sikuona, na kwa miaka mingi nilisema hivyo. Niliona. Nilisimama kwa muda wa kutosha mtu kubadili nia. Kisha nikakata.

Mke wangu alirudi saa tisa, mvua ikianza. Akasimama barabarani na kikapu kichwani.

"Umefanya nini?"

"Nimemsaidia Nesi. Ilikuwa imeharibika."

Alitua kikapu kwenye tope, akapiga magoti kwenye rundo la matawi na kutafuta kwa mikono mitupu, miiba ikimchana, mpaka akakiona kiota. Akakibana kwenye panda moja iliyobaki, akakaa pale na mwavuli juu ya kiota, si juu yake mwenyewe, mpaka jua likazama. Wazazi wa makinda walizunguka wakilia lakini hawakushuka, maana hapakuwa na pa kujificha. Asubuhi makinda yalikuwa yamekufa. Hakunigombeza. Siku tisa hakunisemesha.

Nesi akarudi. Majirani walitoka kuona atafanya nini. Alitembea urefu wa ua, taratibu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akagusa juu palipokatwa.

"Umenyoosha," akasema.

"Ndiyo, Nesi."

"Kama ya hotelini."

"Ndiyo."

"Asante kwa kazi." Akaingia ndani na kufunga mlango. Watu wakacheka chini chini, wakatawanyika. Ningependa angenitukana.

Mukawa haufi kirahisi. Ulichipua tena ovyo vile vile, lakini miaka miwili ilipita bila kiua hata kimoja. Katika kungoja nilifanya jambo la kipumbavu: nikapanda mikawa mitatu yangu nyuma ya choo, nisionekane. Ilishika vizuri. Ndege hawakuja. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba nilikuwa naipiga dawa kila Jumamosi pamoja na waridi, kwa mazoea tu. Mwaka wa tatu ua wa Nesi ukachanua, na shore akarudi. Mke wangu naye akarudi kwenye kreti lake. Mimi na Nesi tuliendelea kusalimiana, tukazikana, tukachangiana harusi. Kuhusu ile Aprili hakuniambia neno. Alipostaafu kabisa, akazeeka magoti, mpwa wake akaja kumchukua wakaishi Wang'uru. Aliyenunua nyumba akang'oa mikawa na kujenga ukuta wa mawe, ukuta mzuri. Sikupata raha yoyote niliyokuwa nimeitarajia.

Miaka kama sita baadaye mke wangu aliniambia mezani, "Nenda kamwone Nesi. Enda peke yako." Hakusema kwa nini, nami sikuuliza.

Nilimkuta shambani. Huko Wang'uru nchi ni bapa, mpunga mpaka macho yanachoka, na wakati ule ulikuwa umeanza kuiva. Nesi alikuwa ameketi kwenye tuta, kiti cha plastiki kikizama upande mmoja, kofia ya majani juu ya mtandio, debe mapajani na kijiti mkononi. Alikuwa akilipiga debe kwa nguvu zote na kupiga mayowe. Kwelea walikuwa wakija kama moshi, wakitua na kuruka, wakitua na kuruka. Nilisimama nikashindwa kujizuia.

"Nesi! Ni wewe unafukuza ndege?"

"Hawa ni wezi," akasema bila kugeuka, kana kwamba tuliachana jana. "Mpunga ni wa mpwa wangu. Keti chini, unawapa kivuli."

Nikaketi kwenye tope kavu. Nikamsalimu, nikampa salamu za mke wangu, nikajibu habari za nani amekufa. Kisha nikasema, kwa sababu nilijua nikinywa chai sitasema tena:

"Nesi, ile ua yako nilikata makusudi. Ilikuwa ni wivu."

"Najua. Fundi hakosei mwezi wa mayai." Akapiga debe.

"Kulikuwa na makinda. Niliyaona kwanza. Niliyaona, nikakata."

Kijiti kikasimama hewani. Akageuka, na nikaona kwamba macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Hilo sikujua," akasema.

Kwelea wakasikia kimya kile, wakashuka, mia kwa mia, mashuke yakainama mbele yetu. Hakuwaangalia.

"Kwa nini?"

"Mama Njeri alikuwa anakuja kwako kuchekacheka. Kwangu hakuwa anacheka. Nilimtengenezea mahali, akakataa. Kila siku anatoka kwako uso umefurahi."

Nesi alikilaza kijiti juu ya debe.

"Kucheka?" akasema. "Baba Njeri, mkeo alikuwa anakuja kwangu kulia. Kila siku. Alisema kwenu hawezi, umempangia maua mazuri, ataonekana hana shukrani. Analia mpaka anamaliza, ananawa uso kwa bomba langu, ndiyo anavuka kuja kwako. Mimi sikumwambia kitu hata siku moja. Ningemwambia nini? Nilikaa tu. Tulikuwa tunaangalia ndege."

Nilikuwa nimemwonea wivu mwanamke huyu kwa furaha ambayo haikuwapo, na sasa, pale kwenye tope, nikajikuta bado namwonea wivu, zaidi ya zamani, kwa yale machozi.

"Unanisamehe?" nikauliza.

"La makinda, nitalifikiria," akasema. "Ndiyo kwanza nalisikia leo." Kisha akatupa macho shambani na kushtuka. "Haya! Tazama, wanatumaliza!"

Akanisukumia debe na kijiti, yeye akasimama kwa shida, mkono mmoja begani kwangu, na kuanza kupunga mtandio wake. Nikapiga. Nilipiga mpaka masikio yakaziba, na wingu la ndege likainuka na kugeuka juu ya vichwa vyetu.

"Si huko!" akanipigia kelele, kama alivyowapigia kelele wanawake wa Kieni. "Kushoto! Kushoto, wewe!"

Nikageukia kushoto.